Meli Zisizotaka Kuonekana

Kazi ya doria baharini niliianza nikitegemea macho na mafuta ya boti. Mafuta yakiwepo, tunatoka. Yakikosekana, tunabaki bandarini tukisikiliza wavuvi wanavyosimulia mataa waliyoyaona usiku huko nje. Ilikuwa bahati nasibu, maana mamlaka ya nchi kwenye uvuvi yanafika maili 200 za baharini kutoka pwani. Hata meli ya Tawariq 1, iliyokamatwa mwaka 2009 na shehena ya jodari ambayo wananchi waliipa jina la "samaki wa Magufuli", waziri wa uvuvi wa wakati huo, ilipatikana kwa sababu chombo cha doria kiliifuata hukohuko iliko.

Siku hizi nashinda mbele ya kompyuta, na bahari naiwaza kwa namna nyingine kabisa.

Mwanzoni tulikuwa na AIS, mtambo ambao meli hutangazia jina lake, mahali ilipo na kasi yake. Ni kitu kizuri, ila kinategemea uungwana wa nahodha. Akikizima, katoweka. Rada ya setilaiti haimsubiri. Sentinel-1 za Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa Aprili 2014, hupita karibu kilomita 700 juu yetu, zikituma mawimbi ya redio na kupokea yanayorudi. Maji yaliyotulia huyatupa mawimbi hayo upande wa pili, picha ikawa nyeusi. Meli ya chuma, yenye kona nyingi, huyarudisha yalikotoka, na hapo inatokea nukta nyeupe. Giza si kitu, wala mawingu ya masika. Na picha zenyewe hazilipiwi.

Kilichonivutia zaidi ni meli iliyo kwenye mwendo. Nukta yake huonekana pembeni ya mkia wa povu, kama garimoshi lililoacha reli likaendelea na safari. Mwendo wa meli ndio unaovuruga hesabu ya setilaiti, na ule umbali kati ya nukta na mkia unatusaidia kukisia kasi.

Baada ya hapo tunalinganisha nukta na taarifa za AIS, na zinabaki zile zisizo na jina. Utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Nature Januari 2024, uliopitia picha za 2017 hadi 2021, ulikuta kwamba takribani robo tatu ya meli za uvuvi za viwandani duniani hazionekani kwenye mifumo ya wazi ya ufuatiliaji, na sehemu kubwa ziko kuzunguka Afrika na Asia Kusini. Waliokuwa wakituhadithia mataa hawakuwa wanaota.

Hata hivyo nukta si hatia. Meli yenye leseni inaweza kuwa inaripoti serikalini kwa mtambo wake maalumu usioonekana na umma. Kuna visiwa vidogo vinavyofanana na meli, na bahari ikichafuka picha nzima hung'aa. Rada haisemi kama nyavu ziko majini. Setilaiti nayo ikishapita imepita, utaisubiri kwa siku kadhaa. Kwa hiyo boti bado inahitajika, isipokuwa sasa inatoka ikijua inakokwenda.

Mjomba wangu, mvuvi wa Mafia, aliwahi kuniuliza, "Na sisi wa ngalawa mnatuona?"

"Hapana, Mjomba. Ngalawa ni ndogo, halafu ni ya mti. Hairudishi mawimbi ya kutosha."

"Afadhali. Mngetuona mngetudai leseni hukohuko majini."

Tulicheka, lakini jibu langu lilinikaa kichwani. Mtu akiifungua picha ile akiwa mbali atasema hapo hakuna anayevua, kumbe kuna watu na nyavu zao, na meli kubwa inapita juu ya nyavu hizo. Ndiyo maana ripoti zangu sasa zina safu mbili: ya nukta, na ya walichoona wenye ngalawa, ninaowapata kupitia BMU, vikundi vya kijamii vya usimamizi wa uvuvi. Safu ya pili huchelewa. Simu hazishiki mpaka warudi na maji.