Chombo cha Mwisho

Msomaji, ukisimama gatini Lamu wakati wa alasiri utaona vyombo vya kila namna vikipita katika mkondo ulio baina ya Lamu na Manda. Vingine ni mashua nyembamba zipitazo upesi. Vingine ni madau mapana yaliyozoea kubeba mawe na boriti. Upepo uvivumiao ni mmoja, lakini mwendo wao si mmoja. Jambo hilo dogo lilinifunza somo ambalo sikulipata katika chuo cha ualimu, nami napenda kukusimulia.

Mimi ni mtu wa bara. Nilipopelekwa kufundisha Lamu sikujua kutofautisha joshi na demani. Hata hivyo niliona kuwa wengi wa wanafunzi wangu walikuwa mabaharia tangu utotoni, lakini siku za mashindano makubwa walibaki pwani wakiwashangilia manahodha wazima. Basi tukaunda chama kidogo cha mashindano ya vijana, mara mbili kwa mwezi. Kila mmoja aliazima chombo cha baba, cha mjomba au cha jirani. Masharti yetu yalikuwa mawili: asiingie mtu chomboni bila jaketi okozi, wala asitweke mtu tanga bila ruhusa ya mzazi wake. Safari yetu ilikuwa kutoka gatini hadi boya lililowekwa karibu na Shela, kisha kurudi. Siku ya kwanza vilikuja vyombo tisa, na furaha yangu haikuwa na kifani.

Baada ya miezi minne vilibaki vinne. Nilidhani vijana wamekuwa wavivu, nikawahubiria habari za bidii na uvumilivu. Hotuba zangu hazikurudisha hata chombo kimoja.

Ndipo nilipokwenda kumtafuta mmoja wa waliotuacha. Nilimkuta akifua maji katika dau la baba yake. Aliniamkia kwa adabu, nami nikamwuliza sababu ya kutoonekana. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, usinikasirikie. Dau hili liliundwa kubeba boriti, halikuundwa kwenda mbio. Kabla sijatweka tanga najua nitakuwa wa mwisho. Kwa nini nije kila mara kuthibitishiwa jambo nilijualo?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani na aibu yangu, maana nilitambua kuwa mashindano yetu yalipima mali ya wazazi, hayakupima ustadi wa watoto. Mimi niliyewalaumu vijana kwa uvivu ndimi niliyewafungia mlango.

Shida hii si ya Lamu peke yake. Mwaka 1947, katika mji wa Clearwater, Florida, Marekani, fundi Clark Mills aliunda mashua ndogo ya watoto iitwayo Optimist. Urefu wake ni kama mita 2.3, na gharama ya kuiunda ilikuwa ndogo. Mashua zote za namna hiyo zina umbo moja na tanga la kipimo kimoja, hata watoto wanaposhindana, ashindaye hushinda hasa kwa akili na mikono yake. Leo watoto wa nchi nyingi hujifunza ubaharia kwa mashua hiyo.

Sisi hatukuwa na fedha za kuunda vyombo vya umbo moja. Lakini tulikuwa na saa, kalamu na daftari. Tuliandika dakika alizotumia kila mmoja kwenda na kurudi. Dau lililotumia dakika 70 tuliliruhusu kuondoka dakika 20 kabla ya mashua iliyotumia 50. Hivyo kila chombo, nahodha wake akikiongoza vema, kingefika gatini pamoja na vingine, na atakayetangulia atakuwa amejishinda mwenyewe kwanza. Tulichagua siku za maji mafu, kwa sababu mkondo ukiwa na nguvu huharibu hesabu hiyo.

Kijana aliyezoea kushinda alikasirika. "Mwalimu," alisema, "unaniadhibu kwa kuwa na mbio." Maneno yake yalikuwa na haki ndani yake. Tukaongeza tuzo ya pili kwa chombo kilichotumia dakika chache kuliko vyote, naye akakubali kuondoka wa mwisho. Tena nikamwomba achukue chomboni mwake mwanafunzi mmoja asiyejua kitu, amfundishe. Alikubali kwa shingo upande. Mwaka haujaisha, mwanafunzi yule alikuwa nahodha wa chombo kingine.

Sitasahau siku ya kwanza ya utaratibu ule. Dau la boriti lilitangulia peke yake, na watu wa gatini wakacheka. Lakini wakati wa kurudi tuliona matanga yote yamekaribiana, na yule kijana wa dau akigeuka kutazama nyuma. Hapo kwanza hakuwa na mtu wa kumtazama nyuma yake. Vicheko vilikoma, zikaanza kelele za kushangilia. Mashua mbili zilimpita karibu na gati, naye akafika wa tatu, shati limelowa na uso umejaa nuru. Jumamosi iliyofuata ya mashindano alikuwa wa kwanza kuwasili. Mwisho wa mwaka tulihesabu vyombo kumi na viwili.

Wewe unayesoma labda hukai karibu na bahari. Lakini huenda siku moja utaongoza timu ya mpira, kwaya, au chama cha mdahalo, nawe utaona watu wakipungua. Wakati huo usiwe mwepesi wa kuhubiri kama nilivyokuwa mimi. Nenda kwa yule aliyeacha kuja, keti naye, umwulize sababu, kisha usikilize. Wahenga walisema kila chombo na wimbile. Kiongozi mwema huyajua mawimbi ya chombo cha mwisho pia.