Gari ama Dari

Wapenzi wa lugha, leo naomba ruhusa niweke kando mizani na vina, nizungumzie magari. Sitakwenda mbali na lugha, maana kila gari huingia nchini mwetu na jina lake, na jina hilo aghalabu hutangulia kusema linatakiwa kwa kazi gani.

Neno gari lenyewe tulilipata kutoka Bara Hindi, nasi tukalipa wingi wa magari kana kwamba lilizaliwa pwani. Lile refu lililoezekwa mpaka nyuma, lenye mlango wa kupakilia mizigo, Wamarekani waliliita gari la stesheni, kwa kuwa ya kwanza ya aina hiyo yalitumwa kwenye vituo vya reli kuwapokea abiria na masanduku yao. Waingereza waliliita kwa jina la mashamba makubwa ya matajiri wao. Sisi tukasema stesheni wagoni, tukaishia hapo. Hata michomoko, jina la yale yanayobeba abiria mikoani, limetokana na kuchomoka kwake barabarani, wala halielezi umbo lake.

Gari la juu, ambalo kwa kifupi cha Kiingereza huitwa SUV, lilipata bahati nyingine. Lililo kubwa na la fahari tulilitungia jina letu wenyewe: shangingi, neno ambalo kabla ya hapo lilimhusu mwanamke mjuzi wa mji, mwenye mapambo na mikogo. Tazameni basi: gari la kubeba tumelikopea jina, gari la kutazamwa tumelitungia.

Suala hili limenifika nyumbani. Mimi na mke wangu tunaishi Kibaha, si mbali na Tamco, mahali palipopata jina kutokana na kiwanda kilichokuwa kikiunganisha malori ya Scania. Mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 87, yuko wilayani Kisarawe, upande wa Maneromango, na hataki kusikia habari ya kuhama. Kila mwezi tunampeleka kliniki. Stesheni wagoni yetu ya Kijapani imechoka, na watoto wetu watatu wamechangishana fedha za kutununulia gari jingine. Kijana mkubwa alikuwa ameshachagua. “Baba,” aliniambia, “umefundisha miaka 36. Safari hii upande gari la heshima.”

Mwalimu hatoi alama kabla ya kusahihisha. Jirani yetu ana gari la juu, nami nilimwomba anikubalie kulipima kwa utepe wa fundi cherehani. Kiti chake kilikuwa sentimeta 78 kutoka ardhini. Chetu ni 54. Sakafu ya buti lake ilikuwa sentimeta 80; yetu ni 57. Tofauti hiyo kijana haioni. Anayeinua gunia la mihogo akiwa na umri wa miaka 66 huiona, na mwenye magoti ya miaka 87 huiona zaidi.

Zipo hoja nyingine. Gari refu kwenda juu husukuma upepo mwingi zaidi, na aghalabu ni zito zaidi. Yote mawili hulipwa kwa petroli. Uzito wake ukiwa juu, hupinduka kwa urahisi kuliko gari la chini likikata kona ghafla. Hata forodhani injini ina bei yake: kwa miaka mingi ushuru wa bidhaa umekuwa asilimia 5 kwa injini inayozidi cc 1000 hadi 2000, na asilimia 10 ikizidi hapo.

Wazee wenzangu mtaikumbuka Pijo 504 ya familia. Ilikuwa na safu tatu za viti, watu saba wakaenea, na ekseli yake ya nyuma ilikaa juu ya springi nne ili ihimili mzigo. Kabla yake Pijo 404, gari la chini vilevile, iliendeshwa na Bert Shankland ikashinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na 1967, enzi ambazo lami ilikuwa haba. Barabara mbaya, basi, haikuanza kupitika siku yalipokuja magari marefu.

Hata hivyo, hoja ya kijana wangu ina uzito mahali pamoja, nami sitaificha. Mwezi wa Aprili, masika yanapokolea, kipande cha mwisho kabla ya kufika kwa mama hugeuka ute. Usiku mmoja miaka miwili iliyopita alibanwa na pumzi. Gari letu lilifika kwenye korongo likakwama, tumbo limekaa juu ya tope. Vijana wanne walimbeba mama juu ya kiti cha kamba wakamvusha, na upande wa pili Landrova ya mwana kijiji mwenzetu ikampokea. Alipona. Lakini dakika zile nilizotembea nyuma ya kiti, nikishika taa na kusikiliza pumzi zake, hakuna methali iliyonifaa. Nilitamani nafasi ya shubiri moja zaidi chini ya gari.

Lakini shubiri hiyo peke yake haivuki tope. Magari mengi ya juu yanayouzwa siku hizi husukumwa na magurudumu mawili tu. Gari la namna hiyo ni mwanafunzi aliyevaa sare safi na hakuja na daftari. Kinachovusha ni nafasi ya chini pamoja na magurudumu yote manne kushika kazi.

Tukaona ni haki aulizwe anayesafirishwa. Tuliazima gari la jirani, kijana akaliendesha mwenyewe mpaka uani kwa bibi yake. Mama alilizunguka, akaweka kiganja kwenye mlango, akatazama juu kilipo kiti.

“Mwanangu,” akaniuliza, “hili gari ama dari?”

Tulicheka sote, na kijana alicheka kuliko sisi. Mama hakuwahi kukaa darasani, lakini kina hicho kingepita mbele ya mhakiki yeyote. Tukampandisha kwa mikono ya watu watatu, mmoja amemshika kiuno. Kushuka kulikuwa kugumu zaidi. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Alipofika chini alitengeneza khanga yake polepole, bila kumtazama mtu, na kijana wangu aliacha kucheka. Njiani tukirudi Kibaha alisema, “Baba, ile heshima nilikuwa nakutafutia wewe. Bibi nilikuwa sijamfikiria.”

Tumekubaliana kununua stesheni wagoni iliyoinuliwa kidogo, inayosukumwa na magurudumu manne, yenye injini isiyozidi cc 2000. Magari ya namna hiyo yapo. Subaru wameyatengeneza tangu miaka ya 1990. Kiti chake kiko usawa wa nyonga ya mama: anageuka, anaketi, anaingiza miguu yake mwenyewe. Korongo la Aprili hatutalijaribu. Mama amekubali kuja Kibaha kabla masika hayajakolea, kwa masharti mawili: arudishwe kwake mvua zikikatika, na kuku wake waje naye. Buti nimelipima, tenga la kuku linaingia.

Limebaki jina. Shangingi lilibatizwa na watu wa mjini kwa dhihaka, na jina likadumu kwa kuwa lilisema kweli. Gari hili linalobeba wagonjwa, mihogo, wajukuu na kuku bado linaitwa kwa jina la stesheni ambayo mama yangu hajapata kuiona. Mwenye neno alilete, nami nitampelekea mama alipime.