Gari ya Mathe Haikuzimwa na Mtu

Mmeniuliza sana mbona siku hizi video zangu ni za dashibodi tu. Kidole kinabonyeza kitufe, taa zinawaka, injini kimya. Kuna msee aliandika ati nimeishiwa. Wacha nieleze, halafu mkimaliza mnaweza kuendelea kunicheka.

Mathe alinunua gari mwaka jana. Kagari kadogo ka kutoka Japani, kametembea kilomita 31,000 pekee, viti bado vinanukia upya. Huku Kenya hiyo ni mpya bana. Sheria inakubali gari ya hadi miaka 8 ishuke bandarini Mombasa, kwa hivyo ya miaka 4 unaibeba kama mtoto mchanga. Nusu ya pesa ilitoka kwa chama, nusu nyingine akakopa. Mkopeshaji akabaki na logibuku, akaweka na traka.

Sasa hiyo traka si ya kuonyesha tu gari iko wapi. Inaunganishwa na kidude kidogo kinaitwa rilei, ambacho kinaweza kukata umeme wa kuwashia gari. Ukichelewa kulipa, mtu ameketi ofisini anatuma amri, na gari yako haiwaki tena popote ulipo. Tulielezwa hayo siku ya kutia sahihi. Mathe akaitikia kwa kichwa, vile watu huitikia wakisomewa madhara ya dawa.

Miezi minne mambo yakawa poa. Halafu siku moja, Gikomba, jua limeshaanza kuchoma, nguo za mitumba zimejaa hadi kiti cha mbele, akabonyeza kitufe: kimya. Taa zote zinang'aa, redio inaongea, injini haina habari. Alikaa hapo dakika 40, kisha ikawaka kama vile hakukuwa na shida.

Mwezi huo alikuwa amechelewesha malipo kwa siku 4. Hakuniambia. Hakuambia mtu.

Mara ya pili ilikuwa matangani kwa jirani, mbele ya wamama wote wa chama. Akawaambia mafuta yameisha. Wakamchangia! Kijana wa boda akatumwa na mtungi, na mathe ikabidi amimine lita 2 kwa tanki ambalo tayari lilikuwa limejaa hadi juu, huku anashukuru. Gari ikapoa, ikawaka, kila mtu akaona kweli shida ilikuwa mafuta.

Usiku huo alikopa kwa simu, moja ya zile za dakika mbili, akalipa deni la gari na la mwezi uliofuata. Asubuhi gari ikawaka mara moja. Basi, akaamini kabisa kwamba walikuwa wameizima na sasa wameifungua. Yaani hapo hata mimi ningeamini.

Mimi nilichojua ni kwamba gari ina shida ya kuwaka. Fundi wa kwanza, wa hapa mtaani, alituuzia betri mpya. Siku tatu baadaye ikakataa tena. Wa pili akasema ni starta, elfu 18, hata bila kufungua boneti. Hapo nikashtuka. Betri ikiisha nguvu, taa hufifia na mara nyingi unasikia tik-tik-tik. Betri nzima iliyotulia hupima kama volti 12.6. Yetu ilipima 12.5 na taa zilikuwa zinaumiza macho. 

Shida ya gari kama hiyo ni kwamba ukifika kwa fundi inawaka. Kila mara. Unaonekana mwongo. Kwa hivyo nikafanya kitu pekee ninachojua kufanya: nikaanza kushuti. Kila ikikataa, natoa simu. Saa, jua au kivuli, tumetembea umbali gani, sauti. Mathe alikuwa anachukia hizo video vibaya sana. "We kijana, hata aibu yangu utaiweka kwa mtandao?" Sikuelewa mbona ananikasirikia hivyo kwa sababu ya gari.

Baada ya video 11 nikaona kitu. Hakuna hata moja ya asubuhi. Zote ni baada ya kuendesha, halafu kupaki juani.

Nikaenda Grogan kwa fundi wa waya, mzee mmoja mpole. Hakugusa gari. Akasema, "Kijana, cheza tena hiyo ya Gikomba." Akaweka simu kwa sikio. "Sikia. Hakuna hata tik. Umeme haufiki kwa starta. Kuna kitu mliwekewa kwa hii gari?"

Nikamwambia traka. Akacheka peke yake, akalala chini ya usukani, akafungua plastiki. Waya zilikuwa zimekatwa na kuunganishwa kwa kusokotwa na vidole, zikafungwa tepu nyeusi. Gundi ya tepu ilikuwa imeyeyuka kwa joto, waya zimelegea na kuwa nyeusi. Akaigusa hivi, gari ikawaka. Tukazima, akaigusa vile, ikakataa. Mzee alikuwa anafurahia kama mtoto.

Nilimpigia mathe nikifikiri nampa habari njema. Akanyamaza. Halafu: "Kwa hivyo hawakuizima?"

"Nani?"

Ndio nikaambiwa kuhusu siku 4, mafuta ya matanga, mkopo wa simu. Kwa simu, mimi nimesimama Grogan katikati ya makelele, mathe analia kwa sauti ya chini ili wateja wasisikie. Na ningejua. Nilipoacha kampasi mwaka wa pili, aliwaambia watu niko likizo. Likizo hiyo bado inaendelea. Mathe akiona aibu huilipia yeye mwenyewe, kimyakimya, na riba juu.

Sisemi mkopeshaji asiweke traka. Pesa ni yake, gari hutoroka. Lakini ukimwekea mtu swichi ya kumtisha, basi uichomelee na risasi, usisokote kama uzi wa kiatu. Na utume ujumbe kabla ya kuzima, ili mtu ajue kama amezimwa au ameharibikiwa. Nyinyi mnaokopa gari, siku ya kuwekewa simameni hapo, muulize waya gani imekatwa, mpige picha. Mzee wa Grogan alikataa kuitoa, akasema mkataba ni mkataba, waiteni wenyewe. Walikuja baada ya siku mbili. Wakaweka rilei mpya, wakachomelea. Nilishuti yote, jamaa akauliza kama mimi ni wakili. Kwa rekodi zao, hakuna siku hata moja waliyotuma amri ya kuzima.

Ile riba ya simu haikurudi, bila shaka.

Jana mathe alikuwa Gikomba, saa saba mchana, jua la kukaanga yai. Akanitumia video yake ya kwanza maishani. Dashibodi, kidole, injini inanguruma. Simu ameishika kombo, nusu ya picha ni kidole gumba.