Chanjo ya Kuvuta na Vumbi la Osiri

Leo naziweka kando programu nizungumzie mapafu. Mimi ni mtu wa kompyuta, si daktari. Lakini kwetu ni Migori, na nina jamaa wanaochimba dhahabu kule Osiri, Nyatike, kwa hiyo jambo hili ni la nyumbani.

Anayeyajua machimbo yale analijua vumbi lake. Jiwe lenye dhahabu hupondwa kwa nyundo, husagwa kwa mashine mpaka liwe unga, kisha zebaki hutumika kuikamata dhahabu. Zebaki ina hatari zake, lakini leo tubaki na vumbi. Ndani yake mna silika. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, ukazipenga au ukazitema. Zile za chini ya mikromita 5 (unywele una kama 70) hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa, mwisho kabisa wa pafu. Huko kuna seli walinzi ambazo kazi yao ni kumeza kila kitu kigeni. Zikimeza silika, hufa. Pafu huanza kupata makovu, na kifua kikuu hupata mlango wazi, kwa sababu bakteria wake hupita njia hiyo hiyo na hukutana na walinzi hao hao.

Sasa tuje kwenye nano. Mwaka 2013, Darrell Irvine na wenzake wa MIT, Marekani, walitengeneza vifuko vya mafuta vidogo mno, vya kupimwa kwa nanomita, wakatia chanjo ndani, wakawapa panya kupitia mapafu. Panya wale walipata seli za kinga zilizobaki pafuni penyewe, na nyingine zikafika hadi kwenye utumbo. Wazo ni rahisi: mlinzi akae mlangoni, mwizi anapoingilia. BCG, iliyoanza kutumiwa kwa binadamu mwaka 1921, hudungwa mkononi. Huwakinga watoto wadogo dhidi ya kifua kikuu kikali, lakini kwa mapafu ya mtu mzima kinga yake si ya kutegemea.

Je, binadamu anaweza kuchanjwa kwa kuvuta? Anaweza. Mwaka 2022 Uchina iliidhinisha chanjo ya Covid ya CanSino ya kuvuta kwa mdomo, ingawa hiyo hubebwa na virusi, si vifuko vya mafuta. Lakini tusishangilie mapema. Matokeo ya jaribio la chanjo ya surua nchini India, yaliyotolewa mwaka 2015, yalionyesha kwamba watoto walioivuta walipata kinga kwa asilimia 85.4, na waliodungwa kwa asilimia 94.6. Sindano ilishinda.

Kuna jambo moja linalonikosesha usingizi. Ili chanjo ifike chini kabisa pafuni, hubebwa ndani ya matone au unga wa mikromita 1 hadi 5. Umeona? Ni ukubwa ule ule wa vumbi linaloua walinzi! Panya wa maabara wana mapafu safi. Mchimbaji wa miaka kumi hana. Sisi waandika programu tunajua kwamba kinachokwenda vizuri kwenye mashine ya fundi huweza kukwama kwenye mashine ya mteja. Kwa hiyo chanjo ya namna hii ya kifua kikuu inapojaribiwa kwa watu, wachimbaji wawemo tangu mwanzo, maana ndio wanaoihitaji zaidi.

Kwa sasa, teknolojia iliyopo ni maji. Lowesha jiwe kabla ya kuliponda, na watoto wakae mbali na mashine. Kitambaa usoni hakizuii chembe ndogo hivyo. Na ukikohoa kwa wiki 2, nenda ukapimwe. Dawa za kifua kikuu katika hospitali za serikali Kenya ni bure.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye kompyuta.