Kumbukumbu za Geita: Dhahabu Ilipimwa, Maji Hayakupimwa

Katika historia ya karibuni ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, mwaka 2000, ambao ndio mwaka uliozinduliwa mgodi mkubwa wa kisasa wa Geita, unaweza kuchukuliwa kuwa mpaka kati ya nyakati mbili, ingawa dhahabu yenyewe haikuwa ngeni katika vilima vile. Wakoloni waliichimba kuanzia miaka ya 1930 hadi mgodi wao ulipofungwa mwaka 1966, na kizazi kilichosoma shule za msingi za wilaya ya Geita katika miaka ya 1970 na 1980, ambacho mwandishi wa kumbukumbu hizi ni mmoja wao, kilikua kikiihesabu dhahabu kuwa habari ya wazee, yaani jambo lililokwisha, likaacha mashimo ambayo watoto walikatazwa kuyasogelea. Kilichotawala maisha wakati huo kilikuwa pamba. Ilipandwa, ikapaliliwa, ikachambuliwa uani na familia nzima, ikapelekwa kupimwa kwenye chama cha msingi, kisha wakulima wakasubiri malipo ambayo mara nyingi yalichelewa hadi msimu mwingine ukaribie.

Maji ya kunywa yalitoka kwenye visima vilivyochimbwa kwa mkono mabondeni, na kila kaya ilijua kisima kipi kina maji matamu, kipi kina magadi na kipi hukauka mwezi wa Septemba. Ujuzi huo ulikuwa wa ulimi na wa uzoefu: hapakuwa na mtaalamu aliyewahi kuchukua sampuli, akaandika kiasi cha aseniki, zebaki au asidi kilichokuwamo, wala hapakuwa na aliyeona haja ya kufanya hivyo. Pengo hilo, ambalo wakati huo halikuwa kosa la mtu, ndilo lililokuja kuamua namna mabishano yote ya baadaye kuhusu faida na hasara za uchimbaji yalivyoendeshwa.

Mabadiliko ya kwanza hayakuletwa na kampuni kubwa. Mwaka 1990 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo kwa bei iliyokaribiana na ile ya soko la magendo, na vijana ambao wangebaki kwenye pamba wakahamia machimboni, Nyarugusu na Rwamagaza yakiwa miongoni mwa machimbo yaliyovuma. Duara, yaani shimo jembamba linaloshuka wima kuufuata mwamba, huzuiwa lisiporomoke kwa magogo yanayoitwa matimba, na matimba hayo yalikatwa msituni bila hesabu. Mawe yakishatoka chini husagwa, siku hizi kwa mashine ziitwazo karasha, kisha unga wake huoshwa kwenye mwalo, ambao ni ubao ulioinamishwa na kutandikwa kitambaa cha kunasia chembe nzito. Chembe hizo huchanganywa na zebaki kwenye karai, kwa kidole kitupu, mpaka zishikamane kuwa donge la rangi ya fedha, halafu donge hilo huwekwa juu ya kijiko au kipande cha bati na kuchomwa kwenye jiko la mkaa, mara nyingi lile lile linalopikiwa ugali. Zebaki hupaa kama moshi usio na harufu, dhahabu hubaki, na anayesimamia jiko huvuta moshi huo pamoja na mtoto aliye mgongoni. Ni haki kulisema hili mapema, kwa sababu simulizi nyingi za madini hupenda kumweka mchimbaji mdogo upande wa asiye na hatia, ilhali zebaki iliyoingia katika vijito vya Geita imepitia mikononi mwake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, takriban miaka 30 baada ya dhahabu hiyo kuanza kununuliwa na Benki Kuu.

Sera ya Madini ya mwaka 1997 na Sheria ya Madini ya mwaka 1998 ziliandikwa kwa lengo la kuvuta mitaji ya nje, na zilifanikiwa. Mgodi wa Golden Pride wilayani Nzega ulianza mwaka 1998, Geita ukafuata mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na North Mara mwaka 2002. Mrabaha, yaani sehemu ya thamani ya madini ambayo mchimbaji hulipa Serikali kwa sababu madini ni mali ya taifa, uliwekwa kuwa asilimia 3 kwa dhahabu, mitambo na mafuta yakapewa misamaha ya kodi, na mikataba ya uendelezaji ikaruhusu halmashauri za wilaya zilipwe kiasi kisichozidi dola 200,000 kwa mwaka badala ya ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mapato ghafi. Mtu aliyekuwa diwani katika miaka hiyo aliweza kutaja mapato ya halmashauri kutoka mgodini bila kufungua kitabu, kwa kuwa tarakimu ilikuwa ile ile kila mwaka, bei ya dhahabu duniani ipande au ishuke.

Katika vijiji vilivyopakana na mgodi, mambo yalibadilika kwa namna ambayo haikuingia katika kitabu chochote cha hesabu. Mgodi wa wazi, ambao huchimbwa kwa kuondoa mlima kutoka juu badala ya kupenya chini yake, unahitaji eneo kubwa, na eneo hilo lilikuwa mashamba, malisho na makaburi. Baadhi ya familia zilizoondolewa eneo la Mtakuja mwaka 2007 ziliishi kwenye mahema pembezoni mwa mji kwa miaka kadhaa. Waliobaki jirani walianza kulalamika kwamba kuta zao zinapata nyufa kila mwamba unapolipuliwa, na malalamiko hayo yakazaa tume, tathmini na mikutano isiyokwisha, kwa sababu upande mmoja ulisema nyufa zimetokana na mtetemo na upande wa pili ukasema nyumba zilijengwa kwa tofali mbichi bila msingi imara. Pande zote mbili zingeweza kuwa sahihi. Lakini hapakuwa na picha wala fomu iliyoonyesha ukuta ulivyokuwa kabla ya mlipuko wa kwanza, na kwa hiyo mwenye nyumba, ambaye ndiye aliyetakiwa kuthibitisha, hakuwa na cha kuthibitishia.

Hali hiyo ilikuwa nzito zaidi katika maji. Mgodi mkubwa huchenjua dhahabu kwa sianidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu kutoka kwenye mwamba uliosagwa, na tope linalobaki huhifadhiwa katika bwawa la topesumu. Zaidi ya sianidi, upo mwamba wenye madini ya salfaidi, ambao ukitolewa ardhini na kukutana na hewa na mvua hutengeneza asidi, na asidi hiyo huyeyusha metali nzito na kuzisafirisha hadi mtoni, jambo linaloweza kuendelea kwa miongo mingi baada ya mgodi kufungwa. Mfano unaokumbukwa zaidi hautoki Geita bali Nyamongo, wilayani Tarime, ambako Mei 2009 maji machafu kutoka eneo la mgodi wa North Mara yalivuja hadi Mto Tigithe, unaoingia Mto Mara na hatimaye Ziwa Victoria. Mgodi ulieleza kwamba uvujaji ulisababishwa na wizi wa karatasi za plastiki zilizotandikwa kwenye bwawa; wanavijiji walieleza ng'ombe waliokufa na ngozi zilizobabuka; wapimaji walikuja baadaye, na kila tarakimu waliyoitoa ilijibiwa kwa swali lile lile, kwamba huenda ardhi ya eneo lenye madini ilikuwa na metali hizo tangu asili. Miaka 10 baadaye, Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliohusishwa na bwawa lake la topesumu. Faini ni jibu kwa mvunja sheria, lakini si jibu kwa anayetaka kujua kama kisima chake kinanyweka.

Upande wa mapato, kwa kulinganisha, ulirekebishwa mara kadhaa. Kamati ya kupitia sekta ya madini iliyoongozwa na Jaji Mark Bomani ilitoa ripoti yake mwaka 2008, sheria mpya ya mwaka 2010 ikapandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 4, na marekebisho ya mwaka 2017 yakaufikisha asilimia 6 pamoja na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, yakaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi inayohusika, na yakaitaka kila kampuni iandae mpango wa mwaka wa huduma kwa jamii unaoidhinishwa na halmashauri. Matokeo yanaonekana kwa macho. Geita, uliokuwa mji wa vumbi na maduka machache ya Wasukuma na Wahindi, ulifanywa makao makuu ya mkoa mpya mwaka 2012. Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Nyankumbu ilijengwa kwa fedha za mgodi. Na Machi 2019 lilifunguliwa soko la madini, la kwanza la aina yake nchini, ambalo lilimpa mchimbaji mdogo mahali pa kuuza bila kujificha. Hata magwangala, jina ambalo wenyeji hulitumia kwa mawe ya mabaki yenye dhahabu kidogo isiyolipa kiwandani, yaliagizwa na Rais John Magufuli mwaka 2016 yagawiwe kwa vijana, na wanawake waliokaa juani juu ya viroba wakiyagonga kwa nyundo wameyasomeshea watoto. Kuyabeza hayo kwa jina la mazingira ni kutowatendea haki.

Tofauti iliyopo kati ya pande mbili za mizani hii, hata hivyo, ni kwamba mkataba mbaya uliweza kufunguliwa na kuandikwa upya baada ya miaka 10 au 20, ilhali maji yaliyoharibika hayana kifungu cha kurekebisha. Faida nazo zina ukomo: Golden Pride ulifunga kazi baada ya takriban miaka 15, na mgodi wa Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, ulizalisha dhahabu kuanzia mwaka 2009 hadi 2021. Sheria inawataka wachimbaji waweke dhamana ya fedha kwa ajili ya kukarabati eneo wanapoondoka, nao ni utaratibu mzuri, ila dhamana hukadiriwa kwa kinachojulikana, na kisichopimwa hakimo katika makadirio.

Hivi sasa uchimbaji mpya unasogea. Huko Nyanzaga, wilayani Sengerema, ng'ambo kidogo tu ya Geita, familia zimekwisha kuhamishwa kupisha mgodi wa dhahabu ambao umetarajiwa kuzalisha kwa takriban miaka 11, na Serikali ina hisa zake tangu siku ya kwanza, jambo ambalo Geita ya mwaka 2000 haikulipata. Wanavijiji wa huko wanaingia katika mjadala wakiwa na sheria bora kuliko waliowatangulia. Kinachobaki ni kazi ya gharama ndogo ambayo Geita haikufanyiwa: kila kisima, kijito na lambo lililo jirani lipimwe kabla ya mwamba wa kwanza kulipuliwa, kila nyumba ipigwe picha ukuta kwa ukuta, matokeo yaandikwe kwa Kiswahili, yasomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na nakala yenye mhuri ibaki katika ofisi ya mtendaji wa kijiji na siyo wilayani peke yake. Halmashauri inayoidhinisha mpango wa mwaka wa kampuni inayo nguvu ya kulidai hilo sasa, na madiwani wa Sengerema wanapaswa kulidai kabla ya kujadili madarasa na zahanati.