Tundu dogo lililotunyima Mbudya

Jumamosi moja mimi na washikaji wanne tuliupa kisogo moshi wa mjini. Daladala hadi Mtongani, bajaji hadi Kunduchi Pwani, mfukoni nauli ya boti ya kwenda Mbudya, kisiwa kilichomo kwenye hifadhi ya bahari tangu 1975. Mipango ilikuwa kuogelea, samaki wa kuchoma na madafu. Raha tupu!

Kufika ufukweni, boti yetu iko juu ya magogo, tumbo wazi.

Ni boti ya faiba. Zamani ilikuwa na injini ya ndani, iliyovuta maji ya bahari ya kujipoza kupitia tundu la chini. Siku hizi inasukumwa na mashine ya kufungwa nyuma, tundu halina kazi. Mwenye boti alikuwa amelipiga kigingi cha mbao, akapaka puti, akaona yamekwisha.

"Miezi mitatu abiria wanakwenda na kurudi. Nani kafa?" alifoka.

Fundi, kijana wa rika letu, hakubishana. Alikibana kigingi kwa koleo, akazungusha mara mbili, kikatoka kama kizibo cha chupa. Tukatazamana.

"Mbao ikilowa inavimba, ikikauka inasinyaa," alisema. "Na boti inatikisika kutwa nzima. Kikichomoka huko katikati utafanyaje, bosi?"

Tundu lenyewe lina upana wa sentimita 4 tu. Lakini likikaa sentimita 30 chini ya usawa wa maji, linaingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika. Ndoo kubwa tano hizo! Mwenye boti akanywea.

Sasa msomaji wangu, hapo ndipo nilipoona maajabu. Badala ya kuziba, jamaa akawasha grenda na kuanza kuchimba kulizunguka tundu! Kumbe faiba mpya haishiki kwenye ukingo mwembamba. Lazima ukingo uchongwe mteremko mrefu, mara 12 ya unene wa boti. Hapo unene ni milimita 8, kwa hiyo kidonda kikafika karibu sentimita 23, sawa na sahani ya wali. Wahenga walituhimiza kuziba ufa, ila hawakusema unapanuliwa kwanza!

Mteremko ukatazama nje, ili maji yakisukuma yazidi kukikandamiza kiraka. Akafuta vumbi kwa asetoni, akaegemeza kibao kilichofungwa nailoni kwa ndani, kisha akapanga vitambaa vya faiba vilivyoloweshwa gundi ya epoksi, kimoja juu ya kingine, akivikandamiza kwa rola mpaka mapovu yaishe. Gundi iliyobaki koponi ikachemka yenyewe na kutoa moshi.

"Ongeza dawa ya kukaushia, twende leo leo," mshikaji wangu akamshauri.

"Epoksi ina kipimo chake, kaka. Ukizidisha, haikauki vizuri. Njooni kesho."

Tukala samaki wetu hapo hapo Kunduchi, tumenuna.

Jumapili jioni kiraka kilikuwa kigumu, kimepigwa msasa na rangi. Boti ikashushwa majini, fundi akapanda wa kwanza. Mbudya tukaiona jua likizama. Njia nzima macho yangu yalikuwa sakafuni, nikitafuta tone la maji.

Sakafu kavu, mwanangu!

Siku hizi kabla ya kulipa nauli nauliza swali moja: chini hapo kuna tundu? Mengine tuonane wiki ijayo.