"Mama, Kwani Wewe Hujui Baiskeli?"

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wangu niliuficha kwa miaka 36, na siku ulipofichuka, aliyeufichua alikuwa mtoto wangu mwenyewe, tena mbele ya watu.

Ilikuwa Jumamosi moja ya likizo ya Agosti. Sisi familia tatu za marafiki tulikodi matatu hapa Nakuru, tukateremka hadi Naivasha, mwendo wa kilomita 70 hivi, kuitembelea Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate. Msomaji aliyefika huko anajua sifa yake. Mbuga hiyo iliyotengwa mwaka 1984 ni miongoni mwa chache nchini ambamo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya pundamilia, swara na twiga. Vijana hukodisha baiskeli karibu na Lango la Elsa, na wenzangu, wake kwa waume, walikuwa tayari wakizijaribu breki na kupimana urefu wa tandiko.

"Mama, yako ni ipi?" akauliza binti yangu wa miaka 9.

"Mguu unaniuma," nikajibu. "Nitawafuata kwa gari."

Mguu wangu ulikuwa mzima kama chuma. Mtoto alinitazama kutoka utosini hadi kwenye viatu, kisha akauliza kwa sauti iliyosikika hadi langoni: "Mama, kwani wewe hujui baiskeli?"

Lo! Ardhi ya huko tayari hutoa mvuke kule Olkaria. Siku hiyo nilitamani ipasuke zaidi inimeze.

Lakini lililoniuma halikuwa swali hilo. Lililoniuma ni alilosema alipoona nimenyamaza. Alipanda matatu, akakaa kando yangu, akafunga mikono kifuani. "Basi na mimi sitaki," akasema. "Baiskeli ni za wavulana."

Maneno hayo sikumfundisha mimi. Lakini niliyajua. Niliyasikia kwa mara ya kwanza nikiwa na umri kama wake, nyumbani kwetu Njoro.

Baba alikuwa na baiskeli aina ya Black Mamba, zile nyeusi, nzito, zenye keria ya chuma nyuma. Kila alfajiri alifunga mitungi ya maziwa kwenye keria hiyo akaipeleka kwa wanunuzi. Kaka zangu wawili walijifunzia hapo hapo, kwa mtindo ambao kila aliyekulia mashambani anaukumbuka: mtoto mfupi asiyelifikia tandiko hupitisha mguu mmoja chini ya paipu ya juu, katikati ya fremu, akapiga pedali mwili ukiwa umepinda upande kama kaa.

Siku moja nami niliikokota hadi kwenye mteremko nyuma ya boma. Sikufika mbali. Nilianguka nayo, spoki mbili zikakatika. Baba hakunichapa. Aliiinua, akaikagua gurudumu kwa gurudumu, kisha akasema bila kunitazama: "Baiskeli ni za wavulana." Ndugu zangu wakacheka. Nilifuta damu gotini na sikuigusa tena.

Ndipo ndani ya matatu ile, tukipita chini ya Mnara wa Fischer huku wenzetu wakitupungia mikono, nilipotambua kwamba maneno ya baba hayakuishia kwangu. Nilikuwa nimeyarithi, na sasa nayarithisha.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kwa mzee mmoja fundi wa baiskeli mwenye kibanda chake chini ya mti, huku kwetu upande wa Lanet.

"Mzee, nataka kujifunza baiskeli."

"Mtoto ana miaka mingapi, mama?"

"Ni mimi."

Hakucheka. Aliangalia viatu vyangu. "Jumamosi uje na viatu vya kufunga kamba na suruali isiyopwaya. Cheni haina adabu."

Tulikutana saa kumi na mbili na nusu asubuhi katika uwanja wa shule wenye nyasi fupi na mteremko mdogo. Binti yangu nilimwambia naenda sokoni mapema. Naam, nilidanganya tena ili niponye uongo wa kwanza.

Jambo la kwanza alilofanya mzee ni kutoa spana na kuzing'oa pedali zote mbili. Kisha akalishusha tandiko hadi nyayo zangu zikakanyaga chini zote. "Leo huendeshi," akasema. "Leo unatembea ukiwa umekaa."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Baadaye nilisoma nikajua kwamba alikuwa akinirudisha kwenye asili ya chombo chenyewe. Mashine ya kwanza ya magurudumu mawili ya aina hii, aliyoiunda Mjerumani Karl von Drais na kuiendesha mjini Mannheim mwaka 1817, haikuwa na pedali. Mwendeshaji alikaa akajisukuma kwa miguu. Pedali zilikuja miongo kadhaa baadaye. Maana yake ni kwamba kukaa wima ni somo moja na kupiga pedali ni somo jingine, na anayetaka kuyameza yote kwa mkupuo mmoja hupaliwa.

Jumamosi ya pili niliruhusiwa kuinua miguu. Niliteremka nikihesabu moja, mbili, tatu, kisha nikakanyaga chini. Kila nilipoanza kuinamia kushoto, mikono yangu ilivuta usukani kulia kwa nguvu, na papo hapo nikala nyasi.

"Ukianguka kushoto, geuza kushoto," mzee akasema.

"Niufuate mwanguko?"

Aliokota fimbo, akaisimamisha juu ya kiganja. Ilipoinama kushoto, kiganja kikaenda kushoto, fimbo ikanyooka. "Umeona? Mkono hauikimbii fimbo, unaiendea. Magurudumu nayo sharti yaende chini ya mwili unaoanguka."

Wataalamu hawako mbali na fundi wangu. Kwa miaka mingi iliaminika kuwa baiskeli husimama kwa sababu ya nguvu ya magurudumu yanayozunguka. Mwaka 2011 watafiti wa vyuo vikuu vya Cornell, Marekani, na Delft, Uholanzi, walieleza juu ya baiskeli waliyoiunda ambayo nguvu hiyo ilikuwa imebatilishwa, nayo ikaendelea kwenda wima bila mtu juu yake. Siri mojawapo ni kwamba baiskeli inayoinama hugeuza gurudumu la mbele kuelekea upande huo huo inaoangukia. Mwanadamu mwenye hofu hufanya kinyume.

Nilimsimulia mzee habari za mwanasarakasi niliyemwona zamani katika maonyesho ya kilimo hapa Nakuru, aliyeendesha gurudumu moja tu, bila usukani, huku akirusha mipira hewani. Nikamuuliza mtu kama yule aliumbwa na nini.

"Na nyama kama wewe," akajibu. "Tena yeye huanguka mbele, nyuma na kando. Wewe una pande mbili tu. Shukuru Mungu, upande tena."

Jumamosi ya tatu pedali zilirudishwa. Hapo ndipo nilipopata hadhira. Wahudumu wawili wa bodaboda walisimamisha pikipiki zao kando ya ua kutazama. Babu wa kazi yao ni baiskeli, ile iliyovusha abiria mpakani Busia tangu miaka ya 1960, lakini siku hiyo hawakuonyesha huruma ya ukoo. Nilipoteremka nikipiga mayowe, mmoja akanipigia kelele: "Mama, breki ziko mkononi, si mdomoni!" Kwa bahati mbaya alikuwa akisema kweli.

Kwa nini mtu mzima huchelewa kujifunza? Nimelifikiria sana jambo hili. Mtoto huanguka kutoka chini, na mwili wake ni mwepesi. Sisi huanguka kutoka juu, na kazini Jumatatu twatakiwa tukiwa na mikono yote miwili. Lakini zaidi ya hayo, mtoto amezoea kutojua. Mtu mzima amezoea kuulizwa, na kutojua humwasha kama upupu. Nilijifariji na habari za Leo Tolstoy, mwandishi mkubwa wa Urusi, aliyejifunza baiskeli mwaka 1895 akiwa mzee tayari, muda mfupi tu baada ya kufiwa na mwanawe mdogo. Kama yeye na ndevu zake zile hakuona haya, mimi ni nani?

Jumamosi ya nne nilirudi nyumbani suruali imechanika gotini na kiwiko kinavuja damu. Binti yangu alikuwa ameamka. Aliniangalia, akaenda jikoni, akaja na maji ya chumvi na kitambaa safi.

"Mama, sokoni ulipigana?"

Nikaona nikitoa uongo wa tatu nitakuwa nimejenga nyumba nzima. Nikamweleza yote: mzee, uwanja, pedali, mwanguko.

Alinyamaza kidogo. "Kwa hivyo Naivasha mguu haukuwa ukiuma?"

"Haukuwa ukiuma. Nilidanganya kwa sababu niliona aibu."

"Mimi nikidanganya huwa unaninyima televisheni wiki nzima."

"Ni kweli."

"Basi na wewe hutazami."

Nilitumikia kifungo changu hadi siku ya mwisho, msomaji, na hakikupunguzwa hata kwa tabia njema. Jumamosi iliyofuata tulikwenda uwanjani wawili. Yeye alijua kuendesha kwa Jumamosi mbili. Mimi nilihitaji sita. Tulipokuwa tukirudi aliniambia nisijali, kwamba "watu wakubwa huwa wagumu". Nilimeza.

Palibaki jambo moja. Mwezi wa Oktoba nilikwenda Njoro kumwona baba. Sasa ana miaka 78 na hutembea kwa mkongojo. Black Mamba bado imo ghalani, imefunikwa gunia. Baba huniita mama kwa kuwa nimepewa jina la mamake, na nilipomsimulia habari zangu alitikisa kichwa kwa muda mrefu.

"Mama, baiskeli ile ilikuwa ng'ombe wetu wa pili," akasema. "Ikilala, maziwa yanachacha. Spoki zikikatika mwisho wa mwezi, ni karo imekatika. Kaka zako niliwafundisha ili wanipokee mzigo. Wewe ulipoivunja sikuwa na muda wa kueleza hayo yote, nikasema ni ya wavulana. Ulinyamaza, nikajua imekwisha."

"Haikuwa imekwisha, baba."

"Sasa naona."

Sitadai kwamba maelezo hayo yalinitosha. Kaka zangu walivunja spoki nyingi kuliko mimi, na hakuna aliyewaambia baiskeli ni za wasichana. Nilimwambia hivyo pia, kwa heshima, naye hakubisha. Lakini nilielewa jambo ambalo sikulitarajia. Baba hakuwa amekaa akatunga sheria ya kunifungia dunia. Alikuwa mtu aliyechoka akatoa jibu la mkato kwa mtoto, kama mimi nilivyotoa langu pale Lango la Elsa. Sisi wazazi husahau majibu ya mkato kabla ya chakula cha jioni. Mtoto hukaa nayo miaka 27.

Akaniomba niitoe ghalani. Tulipuliza magurudumu kwa pampu ya jirani, nikatia mafuta cheni. Tandiko lilikuwa juu mno, na mwili wa chombo chenyewe mzito kama ndama. Nilipopanda, nilihisi mtu ameshika keria nyuma. Nikageuka. Alikuwa baba, ameuegemeza mkongojo ukutani.

"Tazama mbele," akasema.

Alitembea nami hatua nne, labda tano, kisha akaniachia kwa kuishiwa na pumzi. Nilifika kwenye lango la boma, nikashuka vibaya, lakini nilishuka kwa miguu.

Mwezi wa Desemba tulirudi Hell's Gate, mimi na binti yangu, tukakodi baiskeli mbili. Tulifika Mnara wa Fischer tukiwa tumejaa vumbi hadi kwenye kope. Mlima mmoja mdogo ulinishinda nikaisukuma baiskeli yangu kwa mikono, na mwanangu akanisubiri juu bila kusema neno. Pundamilia walitutazama wakaendelea kula.

Kwako wewe unayesoma haya ukijifariji kwamba mguu unakuuma, tafuta uwanja wenye nyasi fupi na mteremko mdogo, mbali na magari, wala usiukaribie kamwe ule mkondo wa malori wa barabara kuu ya Nairobi. Vaa kofia ngumu. Shusha tandiko mpaka nyayo zikanyage chini, ng'oa pedali, na usizirudishe mpaka uweze kuteleza ukihesabu hadi kumi. Tazama unakokwenda, si gurudumu. Ukianguka kushoto, geuza kushoto.

Na mtoto wako akikuuliza kama hujui, mwambie hujui. Kisha mwambie ni Jumamosi ipi utaanza kujifunza.